Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo

Misunkumilo, Mpanda
11 Februari 2023

Shangazi Libérate,

Amahoro, amani iwe kwako. Pokea salamu zangu na za mume wangu Onesphore. Sisi tunaendelea. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni na majirani wameshaanza kuyahesabia mahindi ya kuchoma. Cherehani yangu ilinilisha vizuri mwezi wa kwanza kwa sare za shule. Mama mkwe Jeannine yuko kwake Katumba, anakusalimu, au tuseme angekusalimu kama ningemwambia kwamba nakuandikia.

Barua hii nimempa binamu Celestin, maana gari lake linashuka Karema barabara ikikubali. Simu najua husikii, na ukisomewa ujumbe na mtu, Karema nzima inakuwa imejua kabla yako. Kwa hiyo vaa miwani usome mwenyewe.

Nina mimba, Shangazi, ya miezi mitatu. Zile mbili zilizotoka unazijua, na unajua maneno yaliyosemwa Katumba. Safari hii nimeanza kuumwa mapema. Kiu inanishika hadi nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, na mdomo bado mkavu. Mifupa inaniuma nikikaa, inaniuma nikisimama. Mawe ya figo yalinishika nikiwa kwenye cherehani, nikaangukia kitambaa cha mteja. Hapa Mpanda walipima damu, wakanituma hospitali kubwa Mwanza.

Huko nimekutana na daktari mmoja, mama mtaratibu, akanichorea kwenye karatasi. Anasema nyuma ya ile tezi ya shingo inayofanya rovu kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kupima kalsiamu kwenye damu. Moja yangu imevimba na imekuwa kaidi, inaiamuru mifupa itoe kalsiamu hata isipohitajika. Mifupa inabaki mitupu, figo zinafanya mawe, na mimba zinatoka. Ndicho kilichoniulia watoto, Shangazi. Si mtu.

Anataka kuikata nikiwa na mimba hivi hivi. Si sasa, si mwishoni, ni katikati, mwezi wa tano au wa sita. Anasema tukiiacha, mtoto akiponea tumboni atazaliwa tezi zake zimelala, kwa sababu muda wote amekuwa akilishwa kalsiamu ya mama kupita kiasi. Kamba ya kitovu ikikatwa, kalsiamu yake inashuka na anaanza kukakamaa.

Ameniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye mawe ya figo, au aliyevunjika mfupa kwa jambo dogo. Upande wa mama nimeuliza, hakuna. Baba alikufa kwa ajali nikiwa mdogo, kwa hiyo wa kumuuliza ni wewe. Naomba na neno lako kuhusu kukatwa. Tangu baba afariki, baba yangu ni wewe.

Mwanao,
Providence


Karema
5 Machi 2023

Providence, mtoto wa kaka yangu,

Barua yako imefika imelowa. Celestin aliiweka chini ya kreti za soda, mwambie nimemtukana kwa majina yote mawili. Huku ziwa limechafuka, migebuka imeadimika na dagaa hawakauki kwa mvua. Mimi ni mzima. Nakaa tu ndani, mvua hizi si za mtu wa umri wangu. Mke wa Rafaeli, jirani yangu, ananiletea maji na kuni. Ana roho nzuri, ila anapenda kuongea mpaka na kiziwi.

Mimba nimeifurahia, nimeilia pia. Usimtangazie mtu. Vaa khanga pana, na ukienda kanisani kaa nyuma. Yule mama yako wa Katumba asijue mpaka tumbo lenyewe limwambie.

Kisu cha shingoni sikipendi. Shingoni ndipo anapochinjwa kuku. Lakini mimi sikusomea udaktari, na watoto wawili wamekwenda bila kisu. Kama huyo mama wa Mwanza anasema ukatwe, basi ukatwe, nitafunga na kusali mpaka utoke.

Nakuletea ndoo ya dagaa. Watwange, utie kwenye uji asubuhi na jioni. Mifupa ya dagaa inajenga mifupa ya mtu, hilo halihitaji karatasi ya kuchora. Maziwa pia kunywa kwa wingi.

Mimi shangazi yako,
Libérate


Misunkumilo
22 Machi 2023

Shangazi,

Dagaa wamefika na harufu yao, asante sana. Anayewala ni Onesphore, kanenepa mashavu. Mimi daktari amenikataza. Nilimpigia kumweleza habari ya uji wako, akasema kalsiamu iliyomwagika kwenye damu yangu inatosha, tusiongeze. Nisamehe. Najua ulinituma kwa upendo.

Nimekubali kukatwa. Tunaondoka baada ya Pasaka, kwa basi la Tabora, Onesphore ananisindikiza. Mama mkwe ameshajua, tumbo limemwambia kama ulivyosema. Anasema hajawahi kusikia mjamzito akipasuliwa shingo, na kwamba mwanamke mzima hapasuliwi. Nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja.

Lile swali hukunijibu. Labda lilifutika kwa maji ya Celestin, kwa hiyo naliandika tena. Kwetu kuna mtu aliyepata mawe, au aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu?

Daktari amenieleza kwa nini anauliza. Ugonjwa huu ukiwa wa ukoo, tezi huwa haivimbi moja. Itabidi afungue pande zote mbili na akague zote nne. Ukiwa si wa ukoo, ataingia pale palipoonekana kwenye kipimo tu, atoe hiyo moja, atoke haraka, maana kila dakika ya dawa ya usingizi anamfikiria mtoto. Anasema jibu langu ndilo litakalomwongoza mkono. Naogopa, Shangazi. Niandikie upesi.

Providence


Karema
4 Aprili 2023

Providence,

Salamu za Juma Kuu. Sisi wazima.

Swali lako halikufutika, nililisoma. Sasa nakukumbusha kitu. Siku ya mahari yako, mkekani tulikaa watu wengi, lakini upande wetu aliyesema ni mimi, kwa kuwa kaka yangu hayupo. Wazee wa Onesphore waliuliza kama ilivyo desturi: kwenu kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu, kuna ugonjwa unaotembea kwenye damu? Nikawajibu kwetu hakuna. Ndipo wakanywa, ndipo ukaolewa. Umeolewa juu ya neno langu.

Leo unataka niandike nini kwenye karatasi? Jeannine ameshatazama mimba mbili zikitoka na bado hajakurudisha. Akisikia kwamba ukoo wa mke wa mwanawe mifupa yake imeoza, atakuwa na sababu aliyokuwa akiitafuta, na Onesphore ni mtoto wa mama yake, mwema lakini ni wa mama yake.

Mwambie daktari kwetu hakuna ugonjwa huo. Akukate hiyo moja, arudishe kisu mahali pake.

Nakuombea. Nimemwambia mke wa Rafaeli anisomee Zaburi, nikasahau kwamba sisikii, lakini Mungu anasikia.

Libérate


Misunkumilo
18 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Nimekatwa na niko hai. Nilitaka kukuandikia kutoka Mwanza lakini mkono ulikuwa na sindano. Tulirudi salama, na mtoto alinipiga teke basi lilipoingia stendi, nadhani alichoka kukaa.

Nilimpa daktari jibu lako. Akatoa tezi moja, akanionyesha kwenye chupa, kitu cha kahawia kisichozidi njegere. Sikuamini kwamba kitu kidogo hivyo ndicho kilichonitesa hivi. Zile tatu nyingine hakuzigusa. Siku ya tatu kalsiamu ilishuka ikafika panapotakiwa, nikalia kwa furaha mbele ya manesi. Kidonda kimekauka, najifunga kitambaa shingoni na wateja wanadhani ni fasheni, mmoja ameniagiza nimshonee kama hicho.

Wiki za kwanza nilikuwa mtu mpya. Nililala bila kuamka kunywa maji. Sasa nakwambia kitu ambacho Onesphore nimemwambia nusu. Kiu imeanza kurudi, na mifupa ya miguu inauma tena jioni. Daktari alisema nirudi kupimwa damu mimba ikifika mwezi wa nane, na kama dalili zitarudi niende hata kabla. Onesphore anasema ni uzito wa tumbo. Mama mkwe anasema nimezoea kusafiri. Mimi nataka mtu aniambie si kitu. Nimechoka kuwa mgonjwa, Shangazi. Nikirudi kule wakaniambia bado ipo, sijui nitaweka wapi moyo wangu.

Halafu njoo. Naomba uje mapema, mimi nijifungue wewe ukiwa ndani ya nyumba. Celestin atakupa kiti cha mbele. Mbona mwandiko wako siku hizi umelala upande mmoja?

Providence wako


Karema
9 Julai 2023

Providence,

Nimeibusu barua yako, mke wa Rafaeli ni shahidi. Umekatwa shingo na ukaamka. Kaka yangu angekuwepo angechinja.

Kuja siwezi. Kuna mambo ya nyumba, paa linatengenezwa, na dagaa wa kiangazi hawamsubiri mtu. Mwandiko umelala kwa sababu naandika nimejinyoosha, ni uvivu wa uzee, usinikague kama mwalimu. Jeannine atakuwepo, ana mikono mizuri ya kupokea mtoto, hilo namkubalia hata kama mdomo wake ni mchungu.

Kuhusu kiu. Ni kiangazi, mwanangu, vumbi linakausha koo la kila mtu. Hata mimi nakunywa mtungi mzima na sijafa. Miguu ya mwenye mimba inauma tangu enzi za Eva. Tezi imetolewa, umeiona kwa macho yako ndani ya chupa. Kupanda basi mpaka Mwanza na tumbo la miezi minane ni kumtafutia mtoto balaa njiani. Tulia nyumbani.

Nimemshonea kofia ya uzi. Rangi si nzuri, ndiyo iliyokuwepo dukani.

Libérate


Misunkumilo
10 Septemba 2023

Shangazi,

Huku ni wazima waliobaki.

Nilijifungua katikati ya Agosti, hospitalini, bila shida. Mtoto wa kike, analia kwa sauti nene, nesi akacheka akasema huyu atakuwa mkuu wa wilaya. Tukaruhusiwa kesho yake. Waliniuliza kovu la shingoni nikasema ilikuwa tezi, imetolewa, nimepona. Jina tulimpa, lakini sitaliandika hapa.

Siku ya tano alianza kurusha mkono mmoja, halafu uso ukakakamaa, macho yakapanda juu. Mama mkwe, ambaye amehamia kwetu tangu nijifungue, alimpokea mikononi mwangu akasema ni degedege. Akasema mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa pale pale, kwa hiyo hospitali tusimpeleke mpaka limtoke. Akachemsha majani, akamfukiza, akamfunika. Likaacha, likarudi. Likaacha, likarudi.

Nataka uelewe nilivyokuwa nimekaa hapo. Maneno ya daktari niliyakumbuka, kwamba mtoto anaweza kukakamaa kamba ikikatwa. Niliyakumbuka yote, na nikajijibu mwenyewe: hiyo ni ya mama ambaye tezi yake bado ipo, mimi yangu imetolewa, kwetu hakuna ugonjwa huo. Kwa hiyo nikaamini ni degedege. Mimi, niliyefika kidato cha nne, niliyechorewa karatasi, nilikaa kwenye stuli nikimshikia mama mkwe sufuria ya majani. Onesphore ndiye aliyekuja kutoka kazini akamwona, akamnyakua na khanga yake. Alikata roho tukiwa kwenye bajaji, kabla hatujafika geti la hospitali.

Daktari wa zamu alinipima damu palepale, sijui kwa nini aliwaza hivyo, labda kovu. Kalsiamu yangu imepanda tena kuliko mwanzo. Nikampigia yule mama wa Mwanza. Akasema dripu ya kalsiamu ingemrudisha mtoto. Akasema dawa yenyewe ni sindano. Halafu akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeuliza njia: una uhakika kwenu hakuna mtu?

Nilimwambia nina uhakika. Jumatatu akaja Celestin kutoa pole. Akasema samahani kwa niaba yako, kwamba usingeweza kuja mazishini kwa jinsi unavyobebwa. Nikamuuliza unabebwa na nani. Akashangaa, alidhani najua. Ameniambia hujasimama tangu kabla ya Krismasi. Ameniambia wanaokugeuza kitandani ni mke wa Rafaeli na binti yake.

Nakuuliza kwa mara ya tatu. Kwetu kuna mtu?

Providence


Karema
24 Septemba 2023

Mwanangu,

Salamu sina. Nitajibu ulichouliza.

Ni mimi. Kabla ya Krismasi nilinyanyua beseni la dagaa, si zito, nyonga ikalia, nikakaa chini na sijasimama tena. Fundi wa mifupa alinifunga vijiti, akasema ajabu, mfupa wa bibi huyu unapondeka kama mkate mkavu. Mawe nayatoa tangu mume wangu Stanslaus akiwa hai, yenye damu, nikimwambia ni kichocho cha ziwani. Kiu ninayo miaka. Barua yako ya kwanza nilipoisoma nilijiona mimi kila mstari. Nilijua, Providence. Sikujua jina la ugonjwa, lakini nilijua ni huo.

Nilijisemea nikinyamaza nakulinda. Niliogopa watakurudisha na mimi sina hata miguu ya kukupokea. Niliogopa pia utaacha matibabu yako uje kuniuguza, maana nakujua. Na mkekani nilikuwa nimesema neno, na watu wamekunywa. Nilishindwa kulimeza lile neno mbele ya Jeannine. Hiyo ndiyo kweli yake, na nikiitazama sasa ni kitu kidogo cha aibu, na nyie mmezika mtoto.

Ile ya kiu niliyokuandikia mwezi wa saba, kwamba ni vumbi. Hiyo siwezi kuielezea. Niliiandika na mtungi uko hapa kitandani, pembeni ya kichwa changu.

Mwambie daktari. Mwambie na Jeannine, nimeruhusu. Waambie mimi ndiye niliyesema uongo, si wewe. Usiniandikie tena ukiona vigumu. Mke wa Rafaeli ameuliza kwa nini nalia nikamwambia ni moshi.

Libérate


Misunkumilo
8 Oktoba 2023

Shangazi,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, Celestin hajazima hata gari.

Jeannine nimemwambia. Nilidhani atasema yale uliyoogopa. Aliangalia mikono yake, kisha akaniuliza kama ni kweli sindano ingemponya mtoto. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Hajanirudisha kokote. Anaosha vyombo vyangu kabla sijaamka na hatuongei. Wote watatu kwenye nyumba hii tunapishana kama wageni, na kila mmoja anajua cha kwake.

Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya kwamba nitakusamehe. Jioni huwa nakuchukia waziwazi, nakutaja kwa jina nikiwa peke yangu. Mimi mwenyewe pia najitaja. Tezi zangu zilizobaki zitakaguliwa mwezi ujao. Daktari anasema baada ya hapo naweza kubeba mimba tena, na Onesphore alitoka nje aliposikia. Mimi sitaki kusikia neno hilo.

Jibu lako nimempa daktari kwa simu. Hakukulaumu. Aliuliza una umri gani, unakunywa kiasi gani, akili yako iko sawa, mkojo unatoka. Akasema nyonga hiyo isikae hivyo na damu yako inaweza kukuua wakati wowote, tena kwa kiu hiyo hiyo. Akasema nikulete, tukatwe pamoja.

Jumamosi Onesphore na Celestin wanashuka Karema na godoro nyuma ya gari. Mke wa Rafaeli akufunge nyonga kwa khanga mbili ili usiumie kwenye mashimo. Usiseme kwamba paa linatengenezwa. Utalala chumbani kwangu, na usiku ukitaka maji utaniita, hata kama hatusemeshani nitakuletea. Kwenye karatasi ya hospitali wanauliza jina la ndugu wa mgonjwa. Nimeshaandika langu.

Providence